Tangi la Hita Kuliwa na Kutu Mombasa: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Chukua hita mbili za lita 80, zimenunuliwa duka moja siku moja. Moja ifungwe Tudor kwenye maji ya mfereji, nyingine Bamburi kwenye nyumba inayotegemea kisima. Hazitakufa pamoja. Kisiwa na pwani hii yote imekalia mwamba wa matumbawe, na maji ya kisima hupita humo yakibeba chokaa. Karibu na bahari hubeba na chumvi. Maji ya mfereji hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na kwa chumvi ni nafuu. Lakini huja kwa mgao. Yakikatika, watu huita boza, lori la maji, au huwasha pampu ya kisima, na tangi moja hujikuta likinywa maji ya aina tatu ndani ya wiki moja. Kwa hivyo swali la kwanza si hita ina miaka mingapi, ni imekuwa ikinywa nini.

Ndani, tangi la kawaida ni chuma kilichopakwa enameli, ile ile ya sahani na mabirika ya zamani yenye ukingo wa buluu. Sahani ile ikianguka sakafuni hubanduka, na palipobanduka hushika kutu. Enameli ya tangi nayo haikosi vitundu vidogo tangu kiwandani, na maji ya moto huila polepole. Kinacholinda chuma kwenye vitundu hivyo ni rodi ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kujitoa mhanga: magnesiamu huliwa kwa urahisi kuliko chuma, basi maji huanza na rodi. Rodi ikiisha, maji hugeukia tangi. Hakuna dalili yoyote utakayoiona wakati rodi inaliwa. Maji yatakuwa meupe, moto utakuwepo, hutasikia kelele. Dalili nyingi zilizoelezwa hapa chini huanza baada ya rodi kwisha, na ndiyo sababu wenye hita wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Ukitaka kujua maji yako ni ya namna gani bila maabara, tumia ulimi na birika. Birika linaloota ukoko mweupe kwa wiki mbili tu linasema chokaa ni nyingi. Ukiyaonja maji ukahisi chumvi, kloraidi imeshafika miligramu 200 hadi 300 kwa lita, maana hapo ndipo ulimi wa mtu huanza kuitambua. Maji hayo hula rodi ya magnesiamu haraka sana.

Kabla ya kufungua chochote

Zima swichi ya hita, kisha ushushe na breka yake kwenye bodi ya stima, na upime kwa testa kwenye nyaya za hita yenyewe. Swichi yenye taa nyekundu si ushahidi. Kuna nyumba ambazo fundi alikata waya wa nyutro badala ya laivu, na taa ikizimika hita bado ina moto wa stima. Acha maji yapoe. Funga geti valvu ya maji baridi, fungua mfereji wa maji moto ulio karibu na uuache wazi ili hewa iingie. Bila hewa maji hayatatoka, na tangi linaweza kujikunja kwa kunyonywa. Toa maji kwa kuinua kijiti cha valvu ya usalama ukiwa na subira, au fungua valvu yenyewe uweke mpira na ndoo. Lita 80 za maji masafi hazimwagwi mjini hapa. Pigia deki au wekea choo.

Wakati wa kurudisha, jaza kwanza. Mfereji wa moto uache wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, kisha ndipo uwashe stima. Elementi, yaani koili inayopasha maji, ikiwashwa kavu huungua kwa dakika chache tu.

Maji ya moto yanatoka mekundu au ya kahawia

Usikimbilie kulaumu hita. Teka bakuli mbili nyeupe asubuhi, moja ya maji baridi, moja ya moto, mfereji mmoja. Zote zikiwa na rangi, tatizo liko kwenye bomba za chuma, kwenye tangi la paa, au ni mfereji uliorudi jana baada ya mgao ukakokota matope ya siku tatu. Acha yatulie siku moja, safisha chujio na tangi la paa, pima tena. Bakuli ya moto peke yake ikiwa nyekundu, kutu ni ya ndani ya hita.

Hapo fungua. Kwa hita nyingi za ukutani, rodi imefungwa kwenye flenji moja na elementi, yaani bamba la chuma linaloziba mdomo wa tangi kwa nati, chini ya kifuniko cha plastiki. Nati za flenji huwa za spana namba 10 au 13. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzitoa. Legeza nati kwa mshazari, si kwa mzunguko, na uweke ndoo, kwa sababu tope la chini litashuka lote kwa pamoja. Hita kubwa za kusimama sakafuni zina rodi juu, yenye kichwa cha pembe sita, mara nyingi cha soketi ya milimita 27. Hiyo hukaza kama imechomelewa, utahitaji mpini mrefu na mtu wa kushika tangi.

Rodi mpya kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 21 hadi 26. Ipime kwa kalipa mahali palipoliwa zaidi, na usidanganywe na macho. Rodi iliyotoka milimita 22 ikabaki 15 inaonekana kama imebaki theluthi mbili. Hesabu ya eneo inasema vingine: 15 mara 15 ni 225, 22 mara 22 ni 484, magnesiamu iliyobaki haifiki nusu. Ikiwa hayo yametokea kwa miezi sita, miezi sita ijayo itaimaliza, basi nunua nyingine leo. Ukiona waya wa katikati umejitokeza, usiirudishe hata kwa wiki moja.

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Nyuzi za kufungia ni za M5, M6 au M8, na urefu hutofautiana. Kubahatisha ni kupanda matatu mara mbili. Nunua na gasketi ya flenji hapo hapo, maana ya zamani ikishafunguliwa haizibi tena vizuri. Kabla ya kufunga rodi, kwangua chokaa mahali inapokaa ili chuma kiguse chuma. Kwa rodi ya kufunga kwa juu, tepu nyeupe mizunguko miwili inatosha. Ukiifunga kama kidonda, unaitenga rodi na tangi na hailindi kitu.

Kuna hali moja inayowachanganya hata mafundi: maji mekundu lakini rodi bado nene. Wengi huirudisha wakifurahi kwamba ni nzima. Rodi ambayo haikuliwa kwa miaka miwili ndani ya maji ya Mombasa haikuwa kazini. Ama haigusani na tangi, ama imevaa ganda gumu la chokaa. Ganda likitoka kwa brashi ya waya, itumike; kama ni kugusana, pima kwa mita kati ya rodi na mwili wa tangi. Hita nyingine hupitisha rodi kwenye kizuizi kidogo cha umeme makusudi, kwa hiyo usitegemee sifuri kamili, lakini mita isionyeshe kwamba njia imekatika.

Kwa maji ya mfereji, kagua kila mwaka. Kwa kisima, ukaguzi wa kwanza uwe miezi sita tangu kufunga, halafu kasi ya kuliwa ikupangie unaofuata. Pale ambapo magnesiamu haidumu hata mwaka, rodi ya aluminiamu huliwa polepole zaidi kwenye maji ya chumvi. Bei yake ni tope jeupe zito kama uji linalojikusanya chini, na itabidi ulisafishe.

Rodi ya titani inayotumia stima haiishi, na wauzaji huisifu kwa hilo. Ni kweli, ila inalinda wakati ina umeme tu. Sisi huwasha hita nusu saa kabla ya kuoga na kuizima. Ikiwa rodi hiyo imeunganishwa nyuma ya swichi ya hita, tangi linakaa bila mlinzi takriban saa ishirini na tatu kila siku. Iunganishwe kwa soketi yake isiyozimwa, au uache uchukue ya magnesiamu.

Kitu kingine cha hapa kwetu: rodi hulinda palipo na maji tu. Mgao ukikausha tangi la paa, na hita haina valvu ya kuzuia maji kurudi, maji yake yanarudi nyuma kwenye bomba na tangi linabaki nusu. Sehemu ya juu inakaa kwenye mvuke na hewa bila rodi kuigusa, na kutu huanzia hapo. Na mtu akiwasha, elementi nayo inaweza kuwa kavu. Valvu ndogo ya usalama yenye kizuizi ndani yake hutatua yote mawili. Wako mafundi wanaoitoa kwa sababu inadondosha. Irudishe.

Harufu ya mayai viza

Ikinuka maji ya moto tu, ni bakteria wanaokula salfeti ndani ya tangi, wakisaidiwa na rodi yenyewe. Huja zaidi wakati wa kaskazi. Joto likizidi watu huoga maji baridi, hita inazimwa kuanzia Desemba hadi Machi, na maji yanakaa vuguvugu bila kutembea. Nyumba za wageni Nyali na Shanzu zinazofungwa miezi miwili hupata jambo hilo hilo.

Anza na moto. Pandisha thamostati, kile kirungu cha kupanga joto, hadi mwisho, mara nyingi nyuzi 70 au 75, acha saa tatu, kisha pitisha maji kwenye kila mfereji wa moto. Waonye wenye nyumba na uwaweke watoto mbali, maana maji hayo huunguza papo hapo. Harufu ikirudi ndani ya wiki, tumia klorini: acha lita 200 kwenye tangi la paa, tia mililita 300 za Jik ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, ukoroge. Hita iwe imezimwa na imepoa. Mwaga maji yake, ijaze kwa hayo, fungua kila mfereji mpaka unuse klorini, funga, acha saa mbili hadi nne, kisha suuza mpaka harufu iishe. Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa yako ikiwa tofauti, badilisha kipimo. Usitie klorini kwenye tangi la stenlesi, wala usichanganye na siki au asidi yoyote, maana hutoa gesi ya sumu.

Dawa ambayo utaambiwa na jirani ni kung'oa rodi. Harufu itaondoka kweli, na tangi litafuata.

Kama nyumba ilikuwa imefungwa zaidi ya wiki mbili, fungua mfereji wa moto dakika chache kabla ya kuwasha chochote, madirisha wazi, pasiwe na sigara wala jiko linalowaka. Rodi hutoa haidrojeni kidogo kidogo, na kwenye tangi lililotulia gesi hiyo hukusanyika juu.

Hita inalia, au inachelewa kupasha

Mlio kama wa mahindi yanayokaangwa ni ukoko. Chokaa imeifunika elementi na kujilaza chini, maji yanachemka chini ya ganda na kupasuka. Kabla ya kufungua, fanya hesabu ujue kama kweli inachelewa: maji yetu huingia kwenye nyuzi 27 hivi, na kufikisha lita 80 nyuzi 60 kunahitaji takriban uniti 3 za stima. Elementi ya wati 1,500 itachukua kama saa mbili. Ikichukua mbili na robo ni kawaida. Ikichukua tatu, fungua.

Toa elementi uiloweke kwenye siki nyeupe usiku mzima, au kwenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, saa mbili tatu. Ukoko uliolainika hutoka kwa brashi ya plastiki. Usigonge kwa nyundo wala kukwangua kwa kisu, kwa sababu ganda la elementi likipasuka umetengeneza shoti. Tope la tangi litoe kwa mkono na kikombe, usuuze. Asidi kali ya kusafishia vigae na choo isikaribie hita. Inaondoa ukoko kwa dakika moja, na haibagui kati ya chokaa, elementi na palipobanduka enameli.

Ili ukoko upungue, weka thamostati nyuzi 60. Kupita 65 chokaa hujitenga haraka na enameli huliwa haraka. Chini ya 50 bakteria hustawi.

Matone

Tone lina mahali pake, na mahali ndipo penye jibu. Futa hita ikauke, zungushia karatasi ya chooni kila kiungo, ngoja saa moja uone ipi imelowa.

Valvu ya usalama inayodondosha wakati hita inapasha tu haina ugonjwa. Maji yakitoka nyuzi 25 hadi 65 huvimba karibu asilimia 1.7, yaani lita moja na kidogo kwa tangi la lita 80, na lazima yatoke mahali. Iwekee kijibomba hadi kwenye mfereji wa maji machafu, na kamwe usiizibe. Ikidondosha usiku kucha hita ikiwa imezimwa, kuna uchafu kwenye kiti chake au pampu inasukuma kupita kiasi. Inua kijiti mara mbili tatu maji yaoshe, isipokoma, badilisha.

Flenji ikilowa, ni gasketi, au nati zilikazwa upande mmoja. Kiungo cha bomba kikilowa na kuota chumvi ya kijani au nyekundu, tazama kama shaba au brasi imeunganishwa moja kwa moja na chuma cha tangi. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hulana. Kiungo cha plastiki ngumu ya PPR au yunioni yenye plastiki katikati huzitenganisha.

Maji yakitoka kwenye mshono wa ganda la nje, au kwenye tundu la kupitisha nyaya huku flenji ni kavu, tangi limetoboka. Hapa mengi husemwa. Fundi wa kuchomea atakwambia analiziba kwa dakika kumi, na kweli tundu litazibika, lakini moto wa kuchomea hubandua enameli pande zote za tundu hilo, na mwezi ujao utakuwa na matundu manne. Gundi za epoksi nazo hazishiki kwenye chuma kilicholowa kutu upande wa ndani. Nunua hita.

Breka inaanguka, au mfereji unakupiga shoti

Acha kuoga. Zima bodi. Hili si la kungoja Jumatatu.

Mara nyingi ganda la elementi limeliwa na maji yameingia ndani. Toa nyaya, pima kwa mita: elementi ya wati 1,500 kwa volti 240 isome kama omu 38 kati ya ncha zake, na isisome chochote kati ya ncha na ganda. Ikisoma, itupe. Lakini kama breka haikuanguka na wewe ulipigwa, una matatizo mawili, na la pili ni baya zaidi: waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini, haupo au umekatika, au hakuna breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Hilo mwite fundi umeme mwenye leseni.

Kutu ya nje na ukuta

Upepo wa kusi hubeba chumvi hadi ndani ya bafu lenye dirisha la baharini. Ganda la nje likishika kutu ni sura tu. Kilicho muhimu ni vishikio. Hita ya lita 80 ikijaa hupita kilo 100, na kwenye nyumba za Mji wa Kale inaning'inia kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, ambamo bolti ya kupanuka hulegea polepole. Tumia bolti ya M10 au M12 inayotokea upande wa pili wa ukuta, na bamba la chuma nyuma yake. Kagua nati kila unapokagua rodi.

Ukilazimika kununua nyingine

Usinunue ya stenlesi kwa sababu tu imeandikwa haishiki kutu. Stenlesi ya kawaida kwenye maji ya moto yenye kloraidi haishiki kutu usoni; hutobolewa vitundu kama vya sindano, hasa kwenye mishono. Kama ulimi wako umeonja chumvi, chukua ya enameli yenye rodi nene, na umuulize muuzaji akuonyeshe rodi iko wapi na inatoka vipi. Asipojua, fungua kifuniko mwenyewe hapo dukani.

Wakati wa kufunga, acha nusu mita wazi chini ya hita ya ukutani. Mafundi wengi huisukuma mpaka juu ya sinki au fremu ya mlango ili ipendeze, kisha elementi na rodi haziwezi kutoka bila kushusha tangi zima, na kwa sababu hiyo hakuna anayezikagua. Ubavuni, kwa kalamu ya wino usiofutika, andika tarehe, kipenyo cha rodi, na aina ya maji: mfereji, kisima au boza.